Saa Nne ya Edson

Woolwich, na sufuria ya biriani

Mliponikuta sokoni Woolwich na viatu vimejaa tope jeusi ambalo si la London, kila mmoja aliniuliza nimetoka wapi. Niliwajibu, "Skotlandi," nikachukua ndizi zangu nikaenda zangu. Msidhani nilikuwa na kiburi. Habari yenyewe ina aibu ndani yake, na aibu haisimuliwi mtu umesimama na mifuko mikononi. Sasa nimekaa, chai ipo, nitaisema yote.

Kazi yangu mnaijua. Nakaa jikoni kwangu na vidude vya kusikilizia masikioni, mtu anapiga simu kutoka hospitali au ofisini, nageuza Kiingereza kuwa Kiswahili na Kiswahili kuwa Kiingereza, kisha simu inakatwa. Jina sitaji, wala hawaniulizi. Mie ni namba tu. Tangu binti yangu Raya ahamie Lewisham kwa mumewe, kuna siku nazungumza na watu kutwa nzima na jioni hakuna hata mmoja wao anayejua nipo duniani.

Jumamosi moja ya mwezi wa kwanza, mjukuu wangu alikuwa anatimiza mwaka. Nikamwalika Salma, binti wa shangazi yangu, aliyekuja kutoka kwetu Wete mwaka jana tu. Nikamwambia, "Njoo saa nne." Siku yenyewe asubuhi kengele ikalia. Mie bado nimejifunga kanga ya kulalia, nywele zina mafuta, namkuta Salma mlangoni amekumbatia sufuria ya biriani iliyofungwa kwa taulo. Amepanda nayo mabasi mawili.

"We Zuwena, hujaamka? Watu wako wapi?"

"Salma, si nilikwambia saa nne?"

Akainua mkono akanionyesha saa yake. "Na hii ni saa ngapi, mwenzangu?"

Ilikuwa saa nne kweli, saa nne ya asubuhi, kama inavyojulikana na kila mtu aliyezaliwa kwetu. Raya alikuja na mtoto saa kumi jioni, akashangaa kukuta biriani imepoa. "Mama, si ulisema four?" Naye alikuwa sahihi. Mie ndiye niliyepotea. Miaka ishirini na sita ya London, na saa yangu imehama bila kuniaga.

Tulicheka mpaka machozi. Nilikuwa naosha ile sufuria nilipoacha kucheka ghafla, kwa sababu nilimkumbuka mtu wa msituni.

Wiki kama sita nyuma nilitafsiri simu ya mtu aliyelazwa hospitali huko kaskazini kabisa mwa Skotlandi. Anaitwa Edson, Mtanzania, wa Mufindi, mfanyakazi wa msitu. Siku ya dhoruba mti ulimwangukia akavunjika mguu. Mwulizaji, mtu wa usalama kazini, alitaka saa tu. Uliingia msituni saa ngapi? "Saa nne." Mti ulikuangukia saa ngapi? "Saa tano hivi." Nikampa four, nikampa five. Jirani alimkuta ameumia jioni saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo hesabu ilikaa vizuri, hakuna aliyeshtuka. Mwulizaji akashukuru, simu ikakatwa, nikaweka maji ya chai.

Msitu ule, mwulizaji alitaja kwenye simu, ulifungwa siku hiyo saa sita mchana kwa sababu ya upepo. Mtu aliyeingia saa nne asubuhi alikuwa kazini. Mtu aliyeingia saa kumi jioni, giza linaingia, amevunja amri kwa hiari yake. Nikasimama pale na sufuria inachuruzika maji mpaka kwenye soksi zangu.

Wiki iliyofuata ikaja kazi ambayo hakuna mkalimani wa London aliyeitaka: siku mbili za njia, katikati ya baridi, kwenda kukaa kikao kimoja. Mfanyakazi wa msitu amekataa maelezo yaliyoandikwa kwa jina lake, anataka mkalimani wa kumwona kwa macho. Kikao kikimwendea vibaya, kazi hana, na atabaki na jina la mwongo katika mji ambao yeye na mkewe ndio watu weusi pekee. Niliichukua kabla sijamaliza kusoma.

King's Cross hadi Edinburgh

Salma alinisindikiza hadi stesheni na mfuko wa sambusa. Alinikumbatia kama naenda kuhiji, akanifunga mtandio wake wa sufu shingoni, akaniuliza mara tatu kama Skotlandi chooni kuna maji. Nikamwambia nina chupa yangu.

Kwenye treni nilipiga simu kumwambia Raya nimepata kiti. Nilipomaliza, mzee wa Kisikh aliyekaa mbele yangu, kilemba cha samawati na koti la heshima, akakunja gazeti lake.

"Sambusa za nyama au za dengu?" aliuliza, kwa Kiswahili cha Kenya kilichokaa sawasawa.

Nilibaki kinywa wazi. Bwana Harjit alizaliwa Eldoret. Baba yake alikuwa na kiwanda cha kupasua mbao, na yeye mwenyewe ameuza mbao London kusini maisha yake yote. Alikuwa anakwenda Edinburgh kumwona kitukuu. Alikula sambusa nne huku akinieleza kwamba daktari amemkataza.

Alipojua naenda kwenye mambo ya msitu, hakunyamaza tena. Mti wa nchi ya baridi, alisema, unakua polepole, na ndiyo maana pete zake zinabanana na mbao inakuwa ngumu. Siku hizi majira ya baridi yamekuwa mafupi, mti unakimbia, pete zimeachana. "Naugonga kwa kidole tu najua. Mbao ya siku hizi ni nyepesi, mama. Imekuwa mbao ya haraka."

Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa kuwa nilijua atashuka. Nilimwambia yote, saa nne, saa tano, sufuria, mguu wa Edson. Alisikiliza, akafuta vidole kwa leso.

"Kwa baba yangu kiwandani kulikuwa na saa mbili ukutani. Moja ya karani, moja ya wapasuaji. Watoto wa Wazungu walikuwa wanacheka, wanasema moja imeharibika." Akanitazama. "Sasa utawaambia ni wewe?"

"Naweza kutafsiri sawa tu safari hii. Atasema asubuhi, nitasema asubuhi. Basi."

"Basi," alisema. Kisha akachukua sambusa ya tano, na mpaka Edinburgh hakuigusa tena ile habari. Nilitamani aigombee kidogo.

Inverness

Kutoka Edinburgh ilikuwa niingie Inverness mapema alasiri. Tulisimama katikati ya milima, pande zote majani ya rangi ya ngozi ya simba na maji yanatiririka kila mahali. Mti umeanguka kwenye reli, walitangaza. Halafu wakatangaza ni miti, mingi. Tulikaa pale zaidi ya masaa matatu.

Nimekwama kwenye vyombo vya usafiri mara nyingi maishani. Kwetu, gari likiharibika, nusu saa haipiti mnajuana: huyu anakwenda kuposa, yule mtoto wake kafeli, mwenye ndizi kazigawa. Pale behewani watu walitazama simu zao na hakuna aliyesema neno. Mama mmoja alikuwa analia taratibu upande wa pili wa njia. Nilimnyooshea sambusa. Akasema asante, hapana, akageukia dirishani kana kwamba amefanya kosa kuonekana. Nikala ile sambusa mwenyewe, haikuwa na ladha.

Hapo ndipo upweke uliponishika hasa. Nilijiuliza ni lini mara ya mwisho mtu alinihitaji mie, siyo sauti yangu. Na yule aliyehitaji sauti yangu, nilimfanyia nini?

Asubuhi, kwenye nyumba ya wageni ya Inverness, mwenye nyumba aliniletea uji wa shayiri. Nikapiga kijiko kwa furaha, nikatoa macho. Uji wa chumvi! Niliuliza kama amekosea chupa. Akasema kwa uchungu kidogo kwamba sukari ni ya Waingereza. Niliumaliza wote kwa heshima.

Basi, na meseji za Bi Aileen

Basi la kwenda kaskazini lilifuata bahari kwa muda mrefu, kisha likafika mahali barabara imekuwa mto. Dereva akazima injini, akafungua gazeti. Wenye msitu walinipigia simu: wamemwomba jirani yao anifuate kwa gari lake la shamba linaloweza kupita njia ya juu.

Jirani alikuwa Bi Aileen, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mfupi, mikono ya mwanamume, mbwa mweusi na mweupe kiti cha mbele. Mbwa hakuhama. Nilikaa nyuma na gunia la chakula cha kondoo, nikainua miguu juu ili mbwa asije akanigusa.

Mie ninayeishi kwa kutafsiri Kiingereza sikuelewa nusu ya Kiingereza chake. Alisema lazima kwanza apite mjini kuchukua meseji zake. Nikadhani kule shambani simu haishiki, maskini, inabidi aende mjini kusoma meseji. Nikamwuliza kwa upole kama zinatoka kwa watoto. Akanitazama kwenye kioo. Akasimamisha gari dukani, akarudi na karoti, mkate, maziwa na balbu ya taa.

"Hizo ndizo meseji?"

"Ndiyo meseji, basi. Kwani nyinyi mnazionaje?"

Kumbe kwao neno lile ni vitu vya dukani. Nilicheka mpaka mbwa akabweka, naye akacheka, kicheko kikavu cha mtu asiyekitumia mara kwa mara. Kisha akasema, akitazama barabara, kwamba meseji za mtoto wake aliyeko Australia huja siku ya Krismasi.

Njiani alinionyesha shamba lake. Shayiri iliozea shambani kwa mvua ya wakati wa kuvuna. Kondoo wake wamesimama uwanjani wamegeuzia upepo mgongo, kwa sababu ukuta wa miti uliokuwa ukiwakinga, miti aliyoipanda baba yake, umelala wote chini. Nilimwuliza kama dhoruba si kitu cha kawaida huku. Akasema upepo wanaujua tangu kuzaliwa. Lakini upepo wao hutoka kusini magharibi, na mti hukua ukijua hivyo: mizizi yake mikubwa huitia upande ule ili ushikilie. Siku ile ulitoka kaskazini mashariki, mgongoni. Na ardhi, ambayo zamani ilikuwa ikiganda kama saruji kuanzia mwezi wa kumi na mbili, ilikuwa tope.

"Iling'oka kama karoti," alisema.

Barabara ya kwenda kwa wenye msitu ilikuwa bado chini ya maji, basi nikalala kwake. Alinipikia supu ya shayiri na mboga, akaapa haina nyama, akanionyesha mpaka maganda. Tulikula na redio inasoma hali ya hewa. Alikuwa ameweka sahani tatu mezani. Alipoona nimeziona, akaiondoa moja akairudisha kabatini, akasema ni mazoea, na mie sikuuliza ya nani.

Nilimwuliza jambo jingine. "Yule mtu aliyeangukiwa na mti. Unamfahamu?"

"Mie ndiye niliyemkuta," alisema. Mbwa ndiye aliyemsikia, alipokuwa akitafuta kondoo waliokimbia.

Akanieleza, na hapo nilisimamisha kijiko. Theluji siku ile ilianza kabla ya saa sita mchana. Hadi jioni ilikuwa imefika kwenye kifundo cha mguu. Walipomwinua Edson kumweka kwenye machela, pale alipokuwa amelala palibaki umbo la mtu, kichwa, mabega, mguu mmoja, jeusi, kavu, majani makavu ya misonobari. Theluji pande zote na chini yake hakuna hata punje.

"Mtu anayelala juu ya theluji haachi alama kavu," alisema.

"Uliwaambia hayo?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Msituni

Kikao kilikuwa saa nne asubuhi. Nilicheka peke yangu nilipoiona saa hiyo kwenye barua ya wito, kicheko kibaya. Maji yalikuwa yamepungua. Kabla ya kikao Bi Aileen alinipitisha msituni, na hapo ndipo viatu vyangu vilipopata lile tope mliloliona.

Sina maneno mengi ya mahali pale. Misonobari, ile Edson anayoiita mipaina, imelala yote upande mmoja, kilima baada ya kilima, vichwa vyao kusini magharibi. Mizizi imesimama wima, mirefu kuliko mimi, na udongo bado umeing'ang'ania. Harufu ilikuwa nzuri, ya utomvu, na hilo ndilo lililonikera. Hakukuwa na ndege. Mwenye msitu asingeweza hata kuitoa ile miti yote, alisema Bi Aileen. Mashine nzito inazama kwenye matope, wanangoja ardhi igande, na ardhi haigandi.

Alinionyesha mahali. Sasa palikuwa pamekanyagwa, huwezi kujua kitu. Nililala pale. Ndiyo, mie Zuwena na baibui langu, nililala chali kwenye majani, nikatazama juu, nikahesabu hadi mia. Baridi ilinipanda mgongoni kabla sijafika sitini. Huyu mtu alilala hapa masaa sita na nusu, peke yake, anaita kwa Kiswahili na Kihehe na Kiingereza chake kidogo. Kwenye karatasi amelala nusu saa. Yale masaa sita mengine niliyameza mie, jikoni kwangu Woolwich, na chai.

Bi Aileen hakuniuliza nafanya nini. Alinipa mkono nikainuka.

"Saa nne utakuwa na kazi gani?" nilimwuliza.

"Kondoo."

"Waache kidogo. Twende wote."

Kikao

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye birika la umeme la kuchemshia chai na ramani ya msitu ukutani. Meneja alikuwa mwanamume mchovu, si mtu mbaya. Msimamizi, aliyewaita vijana watoke siku ile, hakuhudhuria. Karatasi yake ilisema Edson alitoka na wenzake, basi lazima alirudi. Edson alikaa na magongo mawili yameegemea goti lake, mtu wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Pembeni yake mkewe Tumaini, anayefanya kazi ya kulea wazee hapo mjini, bado na sare yake.

Nilimsalimu. "Habari za asubuhi, kaka."

Akanyanyua kichwa polepole. Hakujibu salamu. Alimgeukia mkewe.

"Ndiye huyu," alisema. "Ndiye yule wa kwenye simu. Hiyo sauti naijua."

"Edson, una hakika?"

"Mama Neema, wiki saba naisikia hiyo sauti nikilala."

Meneja aliniuliza anasema nini. Hapo, jamani, ndipo palipokuwa na njia mbili. Ningeweza kusema amenisalimu. Nilikwisha kupanga hilo tangu treni, nitatafsiri sawasawa, atapata haki yake, na mie nitarudi kwangu na namba yangu.

"Anasema," nilimwambia meneja, "kwamba mimi ndiye niliyetafsiri simu ya hospitali. Ni kweli. Na nilikosea."

Nikawaeleza kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, nikijitafsiri mwenyewe. Kwamba kwetu siku inaanza jua likichomoza, na saa ya kwanza ya mchana ni saa moja. Kwamba saa nne ni ten. Kwamba kila mtoto wa kwetu anajua, na mie pia nilijua, nikasahau. Nilivua saa yangu ya mkononi nikaigeuza kichwa chini juu ya meza, nikamwonyesha meneja pale penye kumi ndipo panakuwa nne. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo," alisema, "alikuwa humo tangu asubuhi."

"Tangu asubuhi. Na hapa mlangoni kuna mtu aliyeiona ardhi."

Bi Aileen aliingia na viatu vyake vya matope, mbwa nyuma, akasema maneno yale yale aliyoniambia mezani, kavu, bila kuongeza. Nilipomtafsiria Edson lile umbo jeusi kwenye theluji, alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Tumaini alimshika bega.

Meneja aliandika kitu, akakata mstari, akasema maelezo yale yanafutwa, kazi ya Edson iko palepale, na msimamizi ataulizwa kwa nini hakuhesabu watu wake. Akaomba radhi. Niliitafsiri ile radhi neno kwa neno, nikaogopa hata kupumua.

Nje, Edson alisimama kwa magongo yake mbele yangu. Nilijitayarisha kusamehewa, mtu ukishakiri unadhani unastahili.

"Dada," alisema, "ulikuwa unakula nini siku ile?"

"Sikuwa nakula. Nilikuwa... sijui. Nilikuwa nimechoka."

"Niliitwa mwongo kwa mdomo wako. Mke wangu alipowaandikia kwamba ni asubuhi, wakamjibu ni maneno yangu mwenyewe. Mpaka nikaanza kujiuliza, labda ni kweli, labda baridi ilinichanganya." Sauti yake haikupanda. "Mimi nilidhani wamekulipa. Kumbe ulisahau tu. Sijui lipi baya zaidi."

Nilisema nisamehe, nikasema tena. Tumaini alinipa karatasi yenye chapati mbili za moto, kwa sababu hata ukimkasirikia mgeni humwachi aende na njaa. Edson alikuwa ameanza kuelekea garini. Akageuka.

"Nipe namba. Siyo ile ya ofisi. Yako." Akaiingiza kwenye simu. "Wiki ijayo natolewa plasta. Jumapili nitakupigia saa nne nikwambie kama mguu umekubali."

Kurudi

Njia ya kurudi haina hadithi. Reli ilikuwa imefunguliwa. Nilikula chapati za Tumaini kabla ya Inverness, zilikuwa na iliki, nikalia kidogo upande wa dirisha kama yule mama, na hakuna aliyeniuliza.

Nilipofika nilikuta barua ya wakala wangu. Kosa nimeliandika mwenyewe nikawapelekea, na wao wamefanya wanavyopaswa: nimesimamishwa mpaka nifanye upya mtihani wa Kiswahili. Mie, mtoto wa Wete. Salma alicheka akakaa chini. Amejitolea kunifundisha, anakuja kila siku na kuniuliza saa ngapi, saa ngapi, kama mtoto wa chekechea. Raya naye anajifunza pembeni, anajifanya hasikilizi.

Jumapili niliamka alfajiri. Niliswali, nikapiga deki, nikaweka simu mezani, sauti juu kabisa. Saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa. Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Nikajiambia amechelewa hospitali, kisha nikajiuliza hospitali gani inatoa plasta Jumapili, kisha nikajiambia ukweli, kwamba hakuna mtu anayelazimika kumpigia mtu aliyemfanyia nililomfanyia. Saa sita nilipasha chakula sikukila. Mchana wote nyumba ilikuwa kimya, hata friji niliisikia. Nimeishi peke yangu miaka mingi, lakini siku ile ndiyo niliyojua maana yake.

Mwanga ulikuwa unaondoka juu ya mapaa ya Woolwich simu ilipolia. Niliangusha kiti.

"Dada Zuwena, umeshindaje?"

"Edson! Nimekaa hapa tangu saa nne!"

Kisha nikamsikia anamwambia mtu, "Amengoja tangu asubuhi huyu." Na Tumaini nyuma anacheka.

"Si wewe ni mtu wa London," alisema. "Nikasema nisikusumbue, nifuate saa yako."

Nikacheka mie pia, nikamweleza habari ya mtihani wangu wa Kiswahili. Akaniambia plasta wameitoa juzi, daktari amefurahi, ametembea kutoka kitandani hadi dirishani na gongo moja. Msituni bado hawawezi kuingia, ardhi haijaganda. Akirudi watampa kazi ya bustani ya miche mpaka mguu ushike. Bi Aileen amewaletea supu. Ameanza kuwafundisha meseji ni nini.

Kisha akaniuliza, na nilisikia anatabasamu, "Haya dada, hebu nimjaribu mwanafunzi wetu. Hapo kwako sasa saa ngapi?"

Nikatazama ukutani.

"Saa kumi," nikamwambia. "Saa kumi na dakika tano, Edson. Jioni."